Fundi wa Kuacha

Kiswahili kina kitenzi kimoja kinachofanya kazi tatu. Mbegu huota. Mtu aliyelala huota. Na mzee mwenye baridi, alfajiri ya mwezi wa saba, huota moto. Kutokana na kitenzi hicho tumepata neno uoto: mimea yote inayofunika mahali, mikubwa kwa midogo, pasipo mkono wa mpandaji. Kila ninapolisikia neno hilo, zile maana nyingine nazo hugonga hodi. Uoto ni kile ambacho ardhi huota ikiachwa ilale.

Nilianza kuzipatanisha maana hizo siku moja ya kiangazi, katika kijiji kimoja cha mkoa wa Shinyanga, nikiwa nimeshika ncha ya utepe wa kupimia. Ncha ya pili aliishika mtaalamu wa mimea, mama wa makamo mwenye kofia ya ukili na viatu vilivyoliwa na miiba. Pamoja nasi alikuwapo mzee mwenye eneo, aliyetupokea kwa "Mwangaluka" na kibuyu cha maziwa mgando, na kijana mwanafunzi mwenye daftari. Kazi yangu ilikuwa ndogo: kusimama niliposimamishwa na kunyoosha utepe. Lakini anayenyoosha utepe kutwa nzima hupata nafasi ya kuwatazama mafundi kazini.

Kwanza ni mraba. Mita 20 kwa 20, vigingi vinne na kamba ya manila. Ni kama mwashi anayepima msingi: pembe moja ikikosea, mraba unakuwa mkeka uliovutwa upande, na hesabu zote zitakazofuata zitakuwa uongo wenye desimali. Kisha kila shina lililomo hupimwa unene kwenye usawa wa kifua, na kifua hicho, kwa makubaliano ya wenye fani, kiko mita 1.3 kutoka ardhini, mpimaji awe mrefu au mfupi. Ndani ya mraba mkubwa huwekwa mraba mdogo, mita moja kwa moja, kwa ajili ya nyasi. Hapo fundi hupiga magoti. Mama yule alipiga magoti tangu umande ulipokauka hadi vivuli vilipolala, akitenganisha nyasi na nyasi kwa kupapasa ule ulimi mdogo ulio pale jani linapoachana na bua. Kwangu zote zilikuwa nyasi. Kwake ilikuwa hadhara ya watu anaowajua kwa majina.

Mzee alitaja jina la Kisukuma, mama akalirudia na kuliambatanisha na la Kilatini, kijana akaandika yote mawili. Walipofika kwenye mmea uliomfanya mzee asite na mama naye asite, kijitawi kilikatwa, kikalazwa kati ya kurasa za gazeti la zamani, kisha fremu ya mbao ikakazwa mikanda. Niliona matokeo ya ligi ya mwaka juzi yakilowa taratibu kwa utomvu.

Mwisho wa kila mraba hutolewa alama za ufunikaji. Mizani inayotumika sana ilienezwa na Mswisi Josias Braun-Blanquet, aliyefanya kazi Montpellier, Ufaransa, na kuchapisha kitabu chake kikuu mwaka 1928. Mmea ulio mchache na usiofunika kitu hupewa alama ndogo ya kujumlisha. Unaofunika zaidi ya robo tatu ya eneo hupewa 5. Kati ya hapo hakuna chombo ila jicho. Unasimama, unajiuliza: jua likiwa utosini, kivuli cha milama hii kitafunika kiasi gani cha mraba? Mama alisema 3, kijana alisema 4, wakazunguka tena upande wa mashariki, kijana akakubali 3. Jicho la namna hiyo haliuzwi dukani. Hupatikana kwa kusimama katika mamia ya miraba na kukosea mbele ya mtu anayejua.

Braun-Blanquet aliiita fani hiyo sosholojia ya mimea, na wapo wataalamu waliolipinga jina hilo. Mti, walisema, hauna ukoo wala kikao. Sisi tunasema "jamii za mimea" bila kigugumizi, nadhani kwa sababu mtu aliyekulia kijijini anajua kwamba jamii si lazima iwe ya damu. Ni watu waliokutwa na mvua ile ile, udongo ule ule na moto ule ule, wakazoeana. Mitundu na mininga huishi pamoja kwa maana hiyo. Ukiuona mmoja, unaanza kumtafuta mwenzake.

Baada ya chakula cha mchana tulishuka mteremko. Usukumani mteremko una kauli yake. Juu kuna majabali ya granaiti yaliyorundikana kana kwamba yamewekwa na mtu. Chini ya majabali udongo ni wa mchanga na mwepesi, Wasukuma wanauita luseni. Ukishuka zaidi unakuta itogolo, udongo wenye tabaka gumu chini yake, ambapo jembe hulia. Bondeni kabisa kuna mbuga, udongo mweusi wa mfinyanzi unaopasuka kiangazi na kunasa miguu ya ng'ombe masika. Mimea nayo hubadilika hatua kwa hatua. Kule bondeni unapata mgunga mfupi wenye vinundu vyeusi vilivyotobolewa na sisimizi wanaoishi humo. Upepo ukipita kwenye matundu hayo, mti hupiga mluzi.

Katikati ya miaka ya 1930, Geoffrey Milne, mtaalamu wa udongo aliyekuwa na makao yake Amani, kwenye milima ya Usambara, aliuandikia ulimwengu wa sayansi kuhusu mpangilio wa namna hiyo, akauita katena, yaani mnyororo kwa Kilatini. Maana yake ni kwamba udongo wa juu na wa chini ni pete za mnyororo mmoja, zilizounganishwa na maji yanayoshuka. Neno lake sasa limo katika vitabu vya udongo vya dunia nzima. Mzee wetu hakuwa amelisikia. Aliutembea mnyororo huo kila siku nyuma ya mifugo yake, na kila pete ilikuwa na jina kwa lugha yake kabla ya Milne kufika.

Ufundi huu una historia inayouma, na kuusifu bila kuitaja kungekuwa kumsifu mhunzi bila kuuliza alifua kisu au jembe.

Miaka ya 1920 serikali ya kikoloni ya Tanganyika ilitangaza vita dhidi ya mbung'o, na Shinyanga ikawa uwanja wake. Aliyeongoza ni Charles Swynnerton, ambaye mbung'o mmoja wa nyika za migunga anabeba jina lake mpaka leo. Wasukuma kwa maelfu walikusanywa kufyeka vichaka, na moto ukapangiwa ratiba. Ila kufyeka kila kitu kulikuwa ghali. Ilibidi kujua ni mbung'o yupi anakaa katika jamii ipi ya mimea, anapumzika wapi, anakimbilia wapi majani yakipukutika. Ndipo shoka lipelekwe pale tu linapohitajika. Kwa hiyo idara ya kufyeka vichaka ikamwajiri mtu wa kuvisoma.

Mtu huyo alikuwa Bernard Burtt. Alitembea Shinyanga, Kondoa na Itigi akikusanya vielelezo na kuorodhesha nani anaota na nani. Katika vichaka vya Itigi, vilivyobanana kiasi cha kumkatalia mtu njia, kuna mmea ambao jenasi yake nzima imepewa jina lake, Burttia. Mwaka 1938 ndege iliyombeba yeye na Swynnerton ilianguka, wakafa wote wawili. Makala yake ndefu kuhusu jamii za uoto wa Afrika Mashariki ilitoka mwaka 1942, miaka minne baada ya kifo chake.

Nimelifikiria sana jambo hili. Orodha zilizoandikwa ili vichaka vife kwa gharama nafuu ndizo leo zinazotuambia palikuwa na nini kabla havijafa. Hali kadhalika Clement Gillman, mhandisi wa reli, aliyechora ramani ya uoto wa Tanganyika kwa miaka mingi ya kutembea. Naye alifariki kabla haijachapishwa mwaka 1949. Ramani mpya za uoto wa asili wa Afrika Mashariki bado zinaiegemea. Ramani hizo hazichori kilichopo. Zinachora kile ambacho Mjerumani Reinhold Tüxen alikipa jina mwaka 1956: uoto ambao ungesimama mahali hapo endapo mkono wa binadamu ungeondoka. Kwa Kiswahili changu, ni ramani za ndoto za ardhi.

Shinyanga ilichelewa kuachwa ilale. Baada ya mbung'o ilikuja pamba, iliyotaka mashamba makubwa. Ng'ombe waliongezeka, malisho yakapungua. Miaka ya 1970 watu walihamishiwa vijijini kwa mpango wa vijiji vya ujamaa, wakaacha nyuma vipande vya malisho ambavyo kila ukoo ulikuwa ukivitunza. Kufikia miaka ya 1980 wanawake walikuwa wakitembea mbali kutafuta kuni na wengine kupikia vinyesi vya ng'ombe, na Mwalimu Nyerere akaiita nchi hiyo jangwa la Tanzania. Mwaka 1986 serikali ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, uliokuja kujulikana kama HASHI.

Mradi wa miti huanza na miti. Pakawa na vitalu, viriba na miche ya kugawa. Mche una faida kubwa machoni pa mgeni rasmi: unaweza kuupanda, kuupigia makofi na kuupiga picha. Lakini heshima ya HASHI, na ya watu kama Wilfred Mlenge aliyeuongoza kwa miaka mingi, ni kwamba waliuliza swali la fundi kabla ya kuendelea kupanda: wenyeji walikuwa wakifanyaje? Jibu lilikuwa neno moja la Kisukuma, ngitili.

Ngitili ni kipande cha malisho kinachofungwa mvua zinapoanza. Ng'ombe hawaingii, moto hauingii. Nyasi hukua, hukomaa, husimama zikiwa kavu, na kiangazi kinapokaza roho ndipo hufunguliwa kwa ajili ya ndama, wagonjwa na maksai wa kulimia. Ni ghala lisilo na kuta. Zipo ngitili za kaya na zipo za kijiji. Anayeingiza mifugo kabla ya wakati hushtakiwa mbele ya dagashida, baraza la jadi, na sungusungu, walinzi wa kijiji, huhakikisha kauli ya baraza haibaki kauli. Mwaka HASHI ilipoanza, ngitili zilizojulikana hazikuzidi hekta 600 hivi. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 makadirio yalisema kati ya hekta 300,000 na 500,000, katika vijiji zaidi ya 800.

Wahenga walisema usione vyaelea, vimeundwa. Ngitili inaidai methali hiyo nyongeza: usione vyaota, vimeachwa. Na kuachwa huku si uvivu. Mtu anayefunga malisho huku ng'ombe wake wanaonekana mbavu anafanya kazi ngumu kuliko kuchimba mashimo, na anaifanya kila siku mpaka wakati wa kufungua.

Inawezekanaje ardhi iliyofyekwa, ikachomwa, ikalimwa pamba, ikakanyagwa, irudishe msitu bila mche? Mzee alinijibu bila kujua kwamba nimeuliza. Tulikuwa mraba wa tatu. Kijana alifika kwenye kisiki cheusi, kifupi kama kigoda, akaandika "kimekufa". Mzee akainama, akakwangua gome kwa ukucha karibu na ardhi. Chini yake palikuwa kijani.

"Huu haujafa, mwanangu," akamwambia mama, akimpita kijana kwa adabu. "Umenuna tu."

"Umenuna tangu lini, babu?"

"Tangu baba yangu alipokuwa hai. Kila ukitoa jicho, mbuzi analila. Ukichoka kutoa, unanyamaza."

Kijana akafuta alichoandika.

Hilo ndilo jambo lenyewe. Miti mingi ya miombo na nyika hukatwa juu, lakini mizizi yake hubaki hai kwa miaka, ikiwa na akiba ya chakula na njia zake za maji ambazo mche wa kiribani ungehitaji muda mrefu kuzitengeneza. Kila mvua hutoa machipukizi, kila kiangazi huliwa. Ukimzuia mbuzi na moto misimu michache, chipukizi hupita urefu wa mdomo wa mbuzi, na baada ya hapo mti umeokoka. Fundi hupunguza tu: hukata machipukizi dhaifu, huacha mawili au matatu yaliyonyooka. Nchini Niger, tangu miaka ya 1980, Tony Rinaudo na wakulima wa Maradi walifanya hivyo mashambani, na miti ikarudi juu ya hekta zinazokadiriwa kuwa milioni 5. Dodoma kazi hiyo inaitwa kisiki hai, jina ambalo lingemfurahisha mzee wetu.

Wengine hurudi kwa mlango mwingine. Mbuzi yule yule mlaji wa machipukizi hula maganda ya mgunga na kuzisafirisha mbegu tumboni mpaka mahali papya, zikiwa na mbolea yake. Mitundu inaporudi, hurudi na kuvu wanaoshikamana na mizizi yake chini ya ardhi, na mvua za kwanza huwaleta akina mama na vikapu, kwa kuwa baadhi ya kuvu hao huchomoza kama uyoga wa kuliwa. Utafiti uliotolewa mwaka 2005 ulikadiria faida ya ngitili kuwa dola 14 hivi kwa mtu kwa mwezi, ukihesabu kuni, nyasi za kuezekea, dawa, asali, matunda, mboga za porini na huo uyoga. Takwimu hiyo iliwafaa wanaoandika bajeti. Mzee alikuwa na kipimo chake: alisema siku hizi akitaka kukata fito za kukarabati zizi, anarudi kabla uji haujapoa.

Hapa ndipo kuhesabu kunapolipa. Uoto haurudi kama jeshi, wote kwa pamoja. Kwanza huja nyasi na magugu ya msimu mmoja, kisha nyasi za kudumu, kisha vichaka vya miiba ambavyo mtu asiye na subira huviona ni uchafu na kuvifyeka. Kumbe ndani ya miiba hiyo, mahali ambapo ng'ombe hawezi kutia pua, ndipo mche wa mkwaju unapokulia. Nani anayajua haya? Anayerudi kwenye mraba ule ule baada ya miaka mitano, na mitano tena, akiwa na daftari la mara iliyopita.

Daftari hilo pia humzuia mtu kufanya wema mahali pasipo pake. Tulipofika mbugani nilimwuliza mama kwa nini pale pasiletwe miti, maana palionekana patupu. Alinitazama kama fundi cherehani anavyomtazama mteja anayetaka kanzu iwekewe mifuko ya suruali. "Hapa hapajapungukiwa," alisema. "Nyasi ndio wenyeji." Mbuga iliyojazwa miti ya kigeni si mbuga iliyoponywa. Ni jamii iliyohamishwa, na Shinyanga inajua maana ya kuhamishwa.

Ipo pia njia ya amri. Kondoa, ambako Burtt alitembea, mmomonyoko ulikuwa umechimba makorongo ya kumeza nyumba. Mwaka 1979, chini ya mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, mifugo yote iliondolewa katika eneo la zaidi ya kilomita za mraba 1,200. Uoto ulirudi kweli. Hata wapinzani hawakatai. Lakini mfugaji aliyeamka bila ng'ombe aliuona ule ukijani kama kaburi lililostawi, na miaka kumi ikapita kabla ng'ombe hawajaanza kuruhusiwa tena, wakilishwa bandani. Nikilinganisha Kondoa na Shinyanga nakumbuka kwamba Braun-Blanquet alihesabu mimea tu ndani ya mraba. Mraba wa Shinyanga una mtu ndani yake, na mbuzi, na baraza.

Nisizidishe sifa. Ngitili hufungwa na mwenye ardhi ya kufunga. Mwenye ekari nyingi ana nyasi za kukodisha. Jirani yake asiye na kipande ndiye anayekodi, na mwaka wa ukame bei haimwonei huruma. Daftari la mimea halina safu ya kuandika hilo. Dagashida inayo, ikitaka.

Jua lilikuwa limeshuka tulipomaliza mraba wa mwisho. Vigingi vya mbao viling'olewa, na pembeni, kwenye kona ya kaskazini, mama akapigilia kipande cha nondo mpaka kikasawazika na ardhi. Akaandika hatua zake kutoka kwenye mkwaju mkubwa, na mwelekeo wa dira.

"Cha nini hicho?" mzee akauliza.

"Cha kurudia, babu. Baada ya miaka mitano mraba uwekwe hapa hapa, si pembeni."

"Utakuja wewe?"

"Nikijaliwa. Nisipokuja mimi, atakuja huyu kijana na daftari."

Mzee alimpima kijana kwa macho, kisha akamwita mjukuu wake aliyekuwa akirudisha mbuzi. Akamshika bega, akamhesabisha hatua kutoka kwenye mkwaju, mara mbili, mpaka mtoto akaikanyaga ile nondo kwa kisigino bila kutazama. Halafu akatawanya majani makavu juu yake kwa mguu.

"Na usimwambie mtu," alisema. "Wanunuzi wa vyuma chakavu wanapita kila Jumanne."